Mke Wangu Aliyewashikia Mvua Watani Wake

Asubuhi ile Lasiyem alikuwa anasaga karanga za pecel, mchuzi wa kumwagia mboga, juu ya jiwe, mimi nachambua mchicha. Redio ya jirani ikatangaza kwamba timu yangu, Roda, wamefungwa tena. Lasiyem akapunguza kusaga tu, ili nisikie vizuri.

"Pak," akasema mwishowe, yaani baba, kama wake wa huku wanavyotuita, "hao watu wako watashinda lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

Akacheka, akajitanda mtandio, akaenda sokoni kununua pilipili. Alianguka mbele ya duka la vyungu. Nilikuwa bado natafuta jibu. Siku ya kumzika mvua ilinyesha kutwa. Hakukuwa na wa kuishika.

Tulikaa pamoja miaka arobaini na sita, yeye Tebu, mimi Roda. Hapa Madiun, mji wetu wa Java, mtu huzaliwa mmojawapo. Tebu ni muwa, timu ya kiwanda cha sukari. Roda ni gurudumu, timu ya karakana ya reli, nilikokaza nati mpaka nikastaafu. Uwanja ni mmoja. Ugomvi ulianza zamani: watu wa reli waliwaazima wa sukari mpira, ukarudi umepasuka. Wa sukari wanasema waliupokea umepasuka. Waliokuwepo siku hiyo wamekufa wote, na mpira wenyewe hakuna aliye hai aliyewahi kuuona, lakini jaribu kuutaja kwenye kibanda cha kahawa uone.

Nilipoenda kuposa, baba yake hakuuliza kazi wala ukoo. Aliuliza timu. Nikamwambia. Akanitazama juu mpaka chini.

"Basi," akasema. "Angalau ana mikono miwili."

Mzee huyo alikuwa mshika mvua, wa kuizuia isinyeshe kwenye shughuli za watu, na kazi akamwachia Lasiyem kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Haina mengi. Siku tatu kabla ya shughuli unafunga. Unafukiza ubani. Unachomeka pilipili na vitunguu kwenye njiti za ufagio, unazisimamisha ardhini. Na huogi. Ukigusa maji, mvua nayo inagusa ardhi. Lasiyem alishika mvua za harusi nyingi, na sikumbuki bibi harusi aliyelowa. Mmoja, labda.

Sasa Tebu ni watu wazito. Kwenye matope hakuna wa kuwasukuma. Roda ni wembamba, wanataka ardhi kavu. Na mechi ya watani huchezwa Januari, mvua zikiwa kali. Kwa hiyo ilianza kuchezwa mawinguni kabla ya kuchezwa chini. Mwaka mmoja Pak Wiryadi, msimamizi wangu karakana na katibu wa Roda, aliniuliza kama mke wangu anaweza. Nikasema anaweza. Kosa hilo ni langu.

"Kazi ni kazi," alisema Lasiyem, akaishika. Ikawa kavu, tukashinda. Mwaka uliofuata vilevile. Miaka kumi na moja alikaa nyuma ya goli upande wetu, na chetezo chake, hajaoga, anaangalia timu ya kwao inavyopigwa. Tukifunga, sisi tunaruka, yeye anachochea makaa.

Golikipa wa Tebu alikuwa Ngadimin, kaka yake. Alikuwa akiokota mipira yetu wavuni huku anamtazama. Akaacha kusema naye. Idi ikifika anakuja kwetu, ananipa mkono mimi, mtu wa Roda, anawapa watoto, halafu anampita dada yake kama nguzo. Lasiyem alimwekea chai kila Idi. Kila Idi aliimwaga mwenyewe kaka akishaondoka.

"Acha hii kazi," nilimwambia.

"Nimeshawapa neno."

"Waambie unaumwa."

"Nikiumwa nitawaambia."

Mwaka wa kumi na mbili Ngadimin alitangaza kuwa anaacha mpira. Umri arobaini, magoti yamekwisha. Mechi yake ya mwisho ni hiyo ya watani, na tangu dada yake aanze kuishika mvua hajawahi kuishinda. Lasiyem alizisikia habari sokoni. Akafunga kama kawaida. Akafukiza ubani, akachomeka pilipili. Usiku aligeuka geuka tu.

Asubuhi ya mechi nikasikia maji bafuni. Kata moja. Kata ya pili. Kisha harufu ya sabuni.

Akatoka.

"Nywele zimelowa," nikasema.

"Jasho."

"Jasho la kunukia asmini?"

"Jasho langu linanukia ninavyotaka. Una la kusema, Pak?"

Nilikuwa Roda tangu tumboni. Nilipaswa kukimbia kwa Pak Wiryadi bila viatu. Nikasema sina, nikavaa jezi yangu.

Saa tisa wingu likatoka upande wa mlima Lawu, jeusi kama masizi. Watu wa Tebu wakaanza kuimba. Lasiyem alikuwa nyuma ya goli, macho juu, midomo inacheza. Miaka yote aliikataza mvua. Siku hiyo alikuwa anaiomba, na mji mzima ni mimi peke yangu niliyejua.

Mvua ikafika. Ikanyesha stesheni. Ikanyesha sokoni, ikanyesha gerezani, ikanyesha kwetu, na nguo ziko kwenye kamba. Uwanjani hata tone. Tuliiona imesimama nje ya ukuta kama mtu asiye na tiketi.

Jukwaa letu likalipuka. "Lasiyem! Lasiyem!" Upande wa pili walimwita majina nisiyoweza kuyarudia. Yeye alikuwa ameshika kichwa.

Ardhi kavu, basi tukajua tumeshinda. Ila beki wetu akajifunga kwa kichwa, goli zuri kuliko yote tuliyofunga mwaka ule. Dakika ya mwisho tukapata penalti. Ngadimin akaruka na magoti yake yale yale, akaudaka, akaukumbatia. Refa akapuliza. Moja bila, Tebu.

Kesho yake asubuhi Ngadimin akaja. Akaketi bila kukaribishwa.

"Nimekuja kukusamehe," akamwambia dada yake. "Umeishika sana, na tumewapiga hivyo hivyo. Tena ile penalti, mpira ungekuwa umelowa ungeniponyoka."

Lasiyem alikuwa anamimina chai. Angeweza kunyamaza. Kaka amerudi, ameketi, anaongea.

"Nilioga, Kang," akasema.

"Ulioga nini?"

"Nilioga jana asubuhi. Na sabuni. Nilitaka inyeshe, ili ushinde."

Ngadimin akamtazama. Nikadhani ataondoka, na safari hii asirudi.

"Mwanamke wewe," akasema polepole. "Miaka kumi na moja nakununia kwa kunifungisha. Kumbe ningekununia kwa kunisaidia!" Akacheka mpaka akakohoa, akachukua kikombe, akanywa.

Hajakimaliza, Pak Wiryadi akapiga hodi na wajumbe wawili. Nikajua wamesikia. Hapana. Walikuja kumwomba mwaka ujao.

"Bu Lasiyem, kufungwa ni aibu ya wachezaji," akasema Pak Wiryadi. "Wewe kazi yako tumeiona. Mji mzima maji, uwanjani vumbi!"

"Sikuishika, Pak. Niliiita. Nilioga."

Wakatazamana.

"Ameoga," mjumbe mmoja akanong'ona, "na bado ikaogopa kuingia!"

"Sijui kushika mvua, nawaambia. Labda sijawahi kujua."

"Ndivyo wanavyosema wanaojua," akasema Pak Wiryadi, na akainamisha kichwa kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. "Mwaka ujao sabuni tutaleta sisi."

Ngadimin chai ilimpanda puani. Lasiyem akamtazama kaka yake, akanitazama na mimi, kisha akamgeukia katibu:

"Nitakuja, Pak, ila nitakaa kule kwa kaka yangu, Tebu wakifunga nitapiga kelele, na mvua ikinyesha kila mtu na mwavuli wake."