Mkubwa Aliyebeba Sale

Mume wangu alikuwa mtafiti wa magonjwa ya kahawa, lakini kwetu Uru alijulikana zaidi kwa kamera iliyoning'inia shingoni na vumbi la mbao kwenye nywele. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, alikuwa ameshainama chini ya mbuni akipiga picha jani lenye kutu. Nilimwona mgongo na kofia tu, kisha ukungu ukamfunika, nikabaki nasikia mlio wa kamera.

Stoo ya zamani ya ndizi aliigeuza chumba cha kusafishia picha. Dirisha aliliziba kwa mbao za mringaringa alizozipiga randa mwenyewe, mwanga ukakosa pa kupenya. Kila nilipoingia humo nilihisi nimeingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Taa nyekundu, harufu ya dawa, karatasi nyeupe ikielea kwenye beseni; halafu polepole jani likajitokeza, mishipa yake, madoa yake.

"Usiseme neno," alininong'oneza, kana kwamba picha ingeshtuka ikarudi ilikotoka.

Miaka hiyo ya tisini yeye na wenzake walikuwa wakitafuta mbuni usioshikwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ingali mbichi. Mti unapandwa, unasubiriwa miaka uzae, kisha unaonekana haufai. "Bado kidogo," aliwaambia majirani. Wanunuzi wapya walikuja na magari yao, bei ikapanda, ikaanguka, naye bado alikuwa akisema bado kidogo.

Jumamosi moja alirudi kutoka kazini akasimama ghafla mpakani mwa kihamba chetu, shamba tulilorithi kwa wazee. Mdogo wake, tuliyepakana naye, alikuwa ameng'oa mibuni yote iliyopandwa na marehemu baba yao. Mizizi ilikuwa juu, bado ina udongo.

"Mibuni ya baba?" mume wangu aliuliza.

"Napanda nyanya, kaka. Watoto hawali subira."

"Basi usiniite kaka."

Wakaacha kusemezana. Kanisani kila mmoja alikaa upande wake. Mimi na mke wa shemeji tuliendelea kupeana chumvi na habari uani, tukijifanya hatuoni. Mume wangu aliokota visiki vile, akawa anavichonga vijiko jioni nzima. Mti wa kahawa ni mgumu. Randa ililia.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja aliniita stoo. Alikuwa ametundika kwenye kamba picha zake za miaka mingi, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Unaona nini?"

"Majani," nikajibu.

"Na mimi naona majani tu. Hakuna mtu hata mmoja. Hata mdogo wangu hayumo, na ndiye aliyekuwa akinishikia matawi."

Akakaa juu ya gogo. Nikaona machozi, mekundu kwa ile taa.

Kesho yake alikata jani la sale. Kwetu anayeomba msamaha hupeleka sale, na anayepelekewa halikatai. Tulimkuta shemeji katikati ya nyanya, viganja vya kijani. Alipoliona lile jani alivua kofia.

"Kaka, mkubwa hamletei mdogo sale."

"Leo analeta. Nilikuwa nakuambia usubiri, huku mimi nina mshahara."

Shemeji alilipokea kwa mikono miwili. Mume wangu akamwomba asimame na mkewe wapigwe picha. Shemeji akakimbia ndani kuvaa koti, jua lote lile.

Tangu hapo alipiga picha za watu: wanawake wakitoka kukata majani ya ng'ombe, wazee wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Fremu alizichonga mwenyewe. Mbuni waliokuwa wakiutafuta ulipatikana yeye akiwa ameshastaafu. Alifurahi, akanywa chai, akarudi kwenye randa yake. Mwaka wa mwisho mikono ilitetemeka, picha zikatoka na ukungu. Hakuzitupa. "Hivi ndivyo ninavyoiona Uru sasa," alisema.

Alifariki mchana mmoja wa masika, amelala baada ya chakula. Shemeji alikataa kusaidiwa kuchimba kaburi kihambani. Nikiwa jikoni namenya ndizi za wageni wa msiba, nilisikia jembe lake likishuka, likitulia, likishuka tena.