Zimwi Lililoitwa Wepukhulu

Nje ni jua kali la saa nane mchana, lakini ndani ya ukumbi wa vidio wa Mzee Mohamud, mtaani Tuwan mjini Kitale, ni giza tupu. Mablanketi mazito yamepigiliwa misumari madirishani. Watu wamebanana kwenye mabenchi, macho yote kwenye televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Humo, mvua inapiga jumba kubwa la mawe, na juu ya meza amelala mtu aliyeshonwa kwa vipande vya maiti.

"Mtazameni," anasema msimulizi wa sinema, Levi Mukhisa, kwa maikrofoni, sauti yake nzito ikitambaa kutoka kona ya nyuma. "Mguu huu ni wa askari. Bega ni la mwizi. Moyo, jamani, moyo hata daktari mwenyewe hajui aliutoa kwa nani."

"Ni wa mkopeshaji!" mtu anadakia, na watu wanacheka.

Zimwi linafungua kinywa. Linalia kilio kirefu, kama cha mtoto mchanga lakini kwa koo la mtu mzima. Kicheko kinakatika. Hapo Levi anafanya jambo ambalo hakuna msimulizi mwingine angelithubutu: anaizima maikrofoni.

Ndipo majina yanaanza kutoka kwenye mabenchi. "Nafula," ananong'ona mwanamke. "Kemboi," anasema mzee mmoja. "Mama Jelimo." "Barasa." Hakuna anayepaza sauti. Kila mtu analitaja jina la marehemu wake, na zimwi linaendelea kulia kana kwamba bado halijaitwa. Ukiwa mgeni unaanza kuhisi kwamba mabenchi yana watu wengi kuliko uliowaona ukiingia.

Levi ameinamisha kichwa. Yeye hataji jina lolote. Alilitaja moja mwaka jana, na nusura limzike mtu.

Ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa upande wa Kimilili, akaja Kitale kubeba magunia ya mahindi katika ghala moja, na baada ya kazi alikuwa akiingia kwa Mzee Mohamud kutazama sinema. Siku moja watu walilalamika kwamba Kiingereza cha kwenye sinema kinakimbia mno. Levi akaanza kuwasimulia akiwa amekaa pale pale kwenye benchi. Wiki iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka mlangoni, na mzee akamnunulia maikrofoni.

"Kile Kiingereza nashika nusu," anasema Levi bila haya. "Nusu ingine najaza mwenyewe. Lakini hakuna mtu analipa asikie nusu ya hadithi, bana."

Analipwa shilingi mia mbili kwa siku, na siku umeme ukipotea hupata chai na pole. Wako wanaoita kazi hii uhuni. Waite watakavyo. Watu wazima waliochoshwa na jembe na toroli huketi mbele ya sauti ya huyu kijana wakatetemeka, wakacheka, wakafuta machozi kwa mikono yenye udongo. Hilo si jambo la kubezwa.

Sinema yenyewe ililetwa kutoka Eldoret ikiwa haina jalada. Jina lake halijulikani, kwa hiyo Tuwan wanaiita tu "ile ya kushonwa". Ni hadithi ya daktari anayefukua makaburi na kuunda mtu. Katika jumba hilo anaishi mjane kijana, mfanyakazi wa ndani. Usiku mmoja anaushika mkono wa zimwi na kuona kovu analolijua: mkono huo ni wa mumewe. Basi analipenda lote, uso wa kutisha na mwili wa watu wasio wake, kwa sababu ya mkono mmoja. Mwishowe wanakijiji wanalichoma jumba, na wawili hao wamo ndani.

Kuanzia mwanzo hadi moto, zimwi halina jina. Huko ndiko Levi alikoteleza.

Nyumbani kwao, mtoto mchanga anayelia bila kukoma na kukataa titi hachukuliwi kuwa mkorofi. Anadai jina. Wazee hukaa naye na kumtajia marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na likitajwa lile lake, hunyamaza na kunyonya. Levi aliliona zimwi likilia, akaona sehemu ile ni ndefu na haina maneno. Akaamua kulitafutia jina, kwa mzaha. Akaanza kutaja marehemu wa kwao: babu, shangazi, wajomba. Ukumbi ukafurahi. Zimwi likazidi kulia.

"Majina yakaniishia," anasema. "Na sinema haikungoji. Ukinyamaza, watu wanapiga kelele ati urudishe pesa. Nikatoa jina lililokuwa karibu na ulimi."

Akasema: Wepukhulu.

Zimwi likanyamaza papo hapo. Likageuza kichwa na kufungua macho. Ndivyo sinema ilivyo, hufanya hivyo kila inapoonyeshwa. Lakini siku ile mtu mmoja kutoka Kimilili aliinuka, akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga.

Maana Wepukhulu ni kaka yake Levi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba amekufa. Mwaka wa 1997 aliondoka Bungoma akiwa utingo wa lori la mbao lililokuwa likielekea Kongo. Lori halikurudi, naye hakurudi. Mkewe, Lenah, ni fundi wa cherehani karibu na soko la Bungoma, na kwa miaka yote hiyo amekataa kuitwa mjane.

Habari ilifika kwao haraka kuliko gari. Wazee wa ukoo walikutana na kuamua kwamba marehemu amesema kupitia kinywa cha mdogo wake. Mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa mgomba: shina la ndizi huvishwa nguo zake, likalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Wakachagua siku, baada ya mavuno. Kilichobaki ni nguo, wakamwendea Lenah kumwomba koti la mumewe.

"Niliwaambia hilo koti lina mwenyewe," anasema Lenah, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Wakasema, mama, hata mdogo wake amemtaja kwa wafu. Nikauliza, alimtajia wapi? Kwa kilio? Kwa ndoto? Wakasema ni kwa vidio. Kwa vidio! Mnataka kunizikia bwana kwa sababu ya vidio?"

Alilifungia koti katika sanduku na kulikalia.

Huenda maneno yangeisha hapo, kama mkewe Levi, Roselyne, asingejifungua wiki ile. Alikuwa mtoto wa kiume, mzima, na alilia. Alilishika titi na kuliachia. Hospitali haikuona ugonjwa. Mama yake Levi, Agneta, akapanda gari kutoka Kimilili, akampakata mjukuu wake katika chumba chao cha kupanga na kuanza kumtajia majina. Babu, shangazi, wajomba. Mtoto akazidi kulia, na Levi aliyekuwa amesimama mlangoni aligundua kwamba mpangilio ulikuwa ule ule aliokuwa ameufuata mwenyewe kwenye maikrofoni.

Agneta alifika mwisho, akafunga mdomo. Akamtazama mwanawe.

"Nilijua jina gani liko kwa ulimi wake," Levi anakumbuka. "Likitajwa, na mtoto anyamaze, basi Wepukhulu ameenda. Mgomba unazikwa. Na mimi ndiye nimemuua."

"Sitalitaja bila mwenyewe kuwepo," Agneta alisema mwishowe. "Mwiteni Lenah."

Lenah alifika kesho yake mchana, lakini hakwenda nyumbani kwanza. Aliingia ukumbini kwa Mzee Mohamud na kusimama kati ya mabenchi, mkoba mkononi.

"Shemeji," alimwambia Levi mbele ya watu wote, "nionyeshe huyu bwana wangu."

Mzee Mohamud hakufurahi. "Mama, sisi maiti tunamwombea dua, hatumwiti," alimwambia kwa upole. "Na yule wa kwenye kioo ni mzungu amepakwa rangi tu."

"Ndiyo maana nataka kumwona, mzee. Bwana wangu si mzungu."

Mkanda ukaanza. Zimwi lilipotokea, Lenah aliinamia mbele na kulikagua shavu lake. "Aliyeshona huyu si fundi," alitangaza. "Uzi mnene hivyo kwa ngozi laini? Angeniletea mimi." Watu waliangua kicheko, na hata Mzee Mohamud, aliyesimama karibu na mlango, alificha tabasamu katika ndevu.

Kisha ikafika sehemu ya mkono. Mjane kwenye kioo aligusa lile kovu na kufungua mdomo kusema, na Levi akakosa sauti. Midomo ya mwanamke yule ilikuwa ikicheza bila neno, halafu sauti ikatoka, lakini si ya Levi. Ilitoka benchi la mbele.

"Uliondoka bila kula," alisema Lenah. "Nilikuambia ngoja ugali, ukasema lori haliwezi kungoja. Sasa ona vile umekonda."

Zimwi lilimtazama. Wote waliokuwepo wanasema hivyo, na hakuna aliyetaka kubishana nao: lilimtazama yeye, si yule wa kwenye sinema.

"Sikuogopi," aliendelea. "Hata ukirudi na uso wa mtu mwingine, mimi siogopi. Lakini niambie uko upande gani, nijue jinsi ya kulala."

Hakungoja moto. Aliinuka, akafunua blanketi la mlangoni na kutoka katika jua, Levi akimfuata nyuma, sinema ikiendelea bila msimulizi.

Nyumbani, mtoto alikuwa bado analia. Lenah alimchukua kutoka kwa Agneta, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kumweka magotini, uso kwa uso.

"Nisikie," alimwambia kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu mzima. "Kama umekufa, nyamaza. Sitakulaumu. Nitatoa koti. Lakini kama uko, lia." Akavuta pumzi. "Wepukhulu."

Mtoto akanyamaza.

"Kifua kilisimama," anasema Roselyne, na hata leo anajikunja akisimulia. "Mdomo wazi, macho yamemkazia. Hapumui. Nyumba ilikuwa baridi, na jua lilikuwa nje. Nilitaka kumnyakua, mikono ikakataa."

Levi aliegemea ukuta. Agneta alikwisha kuinua mikono kichwani kuanza kilio cha msiba.

Halafu mtoto akapiga ukelele ambao majirani walitoka kuuliza kuna nini. Alilia mara mbili ya alivyokuwa akilia mwanzo, miguu ikipiga hewa, uso mwekundu. Na Lenah akacheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kitandani na kukaa sakafuni, mtoto kifuani, machozi yakimtiririka.

"Lia, baba!" alisema. "Lia! Wasikie mpaka Kimilili!"

Baadaye, Agneta akakumbuka kaka mmoja wa mumewe aliyefariki akiwa mdogo, ambaye hakuwa ametajwa na mtu tangu enzi hizo. Makokha. Mtoto alishika titi na kulala, na hadi leo Makokha ndilo jina lake. Wazee walipopelekewa habari walisema mgomba ungoje. Tangu hapo, sehemu ya kilio ikifika Levi huizima maikrofoni, na watu hutaja marehemu wao wenyewe.

Hata hivyo, Lenah hakumwachilia Levi. Kabla ya kurudi Bungoma alimwambia kwamba jina alilolitupa kwa wafu ni lazima alirudishe mahali pake, na kwamba pole peke yake haitoshi.

Ndiyo maana siku hizi Levi anaweka akiba. Mzee Mohamud amekubali kumpa televisheni ya zamani na jenereta ndogo. "Mimi nimesema nisisikie habari ya kuita maiti kwa maikrofoni yangu," mzee anaeleza. "Akasema safari hii anaita aliye hai. Hiyo mimi sina neno." Naye Lenah anashona hema la kitambaa cheusi, mishono miwili miwili ili mwanga usipenye. Levi anakusudia kulisimika Malaba, mpakani, ambako madereva na utingo wa malori hukaa siku nyingi wakingoja karatasi zao, wengi wao wakitoka huko huko Kongo.

Huko, anasema, ile ya kushonwa itaisha tofauti. Moto utawaka, lakini zimwi litatoka mlango wa nyuma, lishike barabara ya kwenda Bungoma. Na litakuwa na jina kamili, la kwake, la baba yake na la kijiji.

"Nitalitaja kila siku," anasema. "Si kama la marehemu. Kama la mtu yuko njiani. Kuna utingo mmoja atalisikia, alibebe kwa lori lake, amwambie mwingine."

Anauzungusha waya wa maikrofoni kidoleni.

"Lakini nikuambie ukweli, kuna kitu naogopa. Mle ndani ya hema kutakuwa giza, sitaona nyuso. Naogopa siku moja nitaita, na mtu aitike."

Halafu atafanya nini?

"Sitakimbia," anasema Levi. "Nitafungua hema, mwanga uingie. Nitamwangalia uso polepole, awe vile atakavyokuwa. Kisha nitampeleka nyumbani akale."