Bundi Watatu wa Mama Anselmo

Bundi wa kwanza nilimtuma mimi. Nalisema mapema ili asije mtu akapita nyuma na kudai nimeficha. Mimi, Abdulkadiri, fundi baiskeli, mtu wa Chiwata niliyehamia Newala nikiwa kijana, ndiye niliyebonyeza kile kindege cha macho makubwa kwenye simu. Waliofuata wana dhambi zao, na leo nitawasema. Sitamwonea mtu haya.

Mama Anselmo jina lake Dominika. Mmakonde, mjane, mhudumu wa wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na sita hadi alipostaafu. Kustaafu kwenyewe ni kwa karatasi tu, maana mtaani kwetu akijifungua mtu, wa kuja kumkanda mama kwa maji ya moto na kumwogesha kichanga alikuwa yeye. Wanangu wote wanne walioga mikononi mwake. Mke wangu Kibibi alikuwa anaogopa hata kumshika mtoto shingo, Mama Anselmo akamfundisha huku anamgombeza: "Si yai hilo, shika!"

Sasa, mimi ni Myao na yeye ni Mmakonde, kwa hiyo ni watani. Asiyejua utani wa huku asome polepole. Mtani hakusalimii vizuri, anakutukana. Anaingia kwako, anafunua chungu, anakula mboga yako na kukwambia umepika vibaya. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Mama yangu alipofariki kule Chiwata, Mama Anselmo alikuja, akavaa kanga za marehemu, akashika mkongojo wake, akaanza kutembea uani kama mama yangu alivyotembea, mguu mmoja anauburuta, huku ananitukana kwa sauti ileile ya mama yangu. Nililia na kucheka kwa pamoja. Siku ile nilisema moyoni kwamba mwanamke huyu akitangulia, na mimi nitavaa miwani yake msibani.

Miwani hiyo ndiyo chanzo. Alitibiwa macho akapewa miwani kubwa ya duara, na kwa vile akiitwa saa yoyote ya usiku anakwenda, nikambandika jina: Bundi. Yeye akawa ananitumia emoji ya nguruwe na maneno "Karibu futari." Mimi namrudishia panya, namwambia kitoweo chenu Wamakonde kimefika. Tulifanya hivi kwenye kundi la WhatsApp la majirani, watu mia na kitu, na wenyeji walikuwa wakicheka mbavu hawana.

Mwaka jana mwezi wa sita, asubuhi moja ya baridi na ukungu, Mama Anselmo akaandika kundini: "Kwa Josephina kumepatikana mtoto wa kiume. Mama na mtoto wazima. Tumshukuru Mungu." Mimi nikamjibu kwa bundi mmoja na maneno "Hata leo hukulala?" Naye, kama utani unavyotaka, hakukana, maana ukikana umeshindwa. Akarudisha bundi watatu na kuandika: "Huku nimemaliza, sasa nakuja kwako."

Tulicheka. Wallahi tulicheka.

Siku ya nane mtoto wa Josephina akafa. Alibanwa kifua asubuhi, wakamkimbiza hospitali, jioni hakuiona. Mama Anselmo akaandika pole yake kundini kama watu wengine, na mimi nikaandika yangu, hakuna aliyemtania mwenzake siku hiyo.

Ndipo akaingia Mama Trevor. Huyu ana duka la vipodozi karibu na stendi. Alikuja kutoka mkoa mwingine, na hilo si kosa, hata mimi nilihamia. Kosa lake ni roho. Aliyapiga picha yale mazungumzo yetu ya siku mtoto alipozaliwa, bundi wangu mmoja, bundi watatu wa Mama Anselmo na yale maneno "huku nimemaliza", akairusha kundini. Chini yake akaandika: "Mimi sisemi kitu. Someni wenyewe." Eti hasemi kitu! Mnafiki mkubwa yule! Anajua fika kwamba kumwita mtu mchawi ni kesi, lakini kindege hakimpeleki mtu mahakamani.

Tangu hapo Mama Anselmo hakuandika neno bila bundi kutua chini yake. Akisema maji yametoka bombani, bundi. Akisema Tumsifu Yesu Kristu, bundi. Na msidhani ni wageni tu. Wamakonde wenzake na Wayao wenzangu, watu waliotaniwa tangu wananyonya, walibonyeza bundi na kujifanya hawajui. Nikatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nikaeleza kuwa mimi ni mtani wake, aliyeanza ni mimi, na yale yote ni maneno ya utani. Mama Trevor akajibu kwa bundi wawili waliokaa pamoja. Watu wakacheka. Mama Anselmo akaenda kwa mtendaji na simu yake mkononi, akarudishwa na swali: "Hapa nani amekutaja jina, mama? Mimi naona ndege tu."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku hizi ni kidole, na kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Mtaa mzima ukaacha kumwita. Josephina akimwona anavuka barabara. Hayo aliyameza. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo asingeweza kulimeza. Anselmo ni mwanawe wa pekee, anaishi Masasi na mkewe Violet, mwalimu, mtu wa Mbeya, na Violet alikuwa mjamzito. Tangu mwanzo walikubaliana kwamba siku ikifika bibi atashuka Masasi akae nao mpaka arobaini. Watoto wa watu aliowaogesha hana hesabu yao. Huyu angekuwa wake. Alichana kanga kuukuu zilizolainika, akazifua mara mbili, akazikunja kwenye beseni jipya.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama Anselmo akashuka na beseni lake. Akawekewa kiti barazani, akapewa soda. Anselmo akamwambia, macho chini, "Mama, mtoto amelala." Siku mbili nzima mtoto yule alikuwa amelala. Siku ya tatu bibi akarudi Newala, vitambaa vimekunjwa vilevile.

"Wamekufanya nini?" nilimwuliza.

"Violet anayo ile picha kwenye simu," alisema. "Amenionyesha. Akaniuliza, mama, hawa bundi watatu ni wako? Ningejibu nini, Kadiri? Ni wangu."

Niliona aibu mpaka nikakasirika, na nikikasirika huwa napanga mambo. Mtani ana haki zake. Kwenye sherehe hafungiwi mlango. Anaweza kumnyakua mtoto anayetolewa nje, akasema nimemwiba huyu, mpaka wamkomboe kwa sahani ya pilau, na hakuna ruhusa ya kununa. Nikasema vizuri, kama utani ndio uliomnyima mjukuu, utani ndio utakaompa. Mama Anselmo hakutaka kwenda. Nilimsihi siku nne mpaka akachoka.

Siku ya arobaini tukashuka wote wawili. Kulikuwa na turubai, pilau linanukia, walimu wenzake Violet wamependeza. Violet alikaa katikati, mtoto mapajani. Kwao Mbeya wana watani wao, lakini si sisi, na hilo nililijua, nikalipuuza. Nikaingia kwa makelele: "Tangu lini Wamakonde wakazaa mtoto mzuri hivi? Huyu mmemwiba Chiwata!" Wenyeji wakapiga vigelegele. Nikainama, nikamnyakua mtoto, nikatembea naye mpaka kwa bibi yake aliyesimama peke yake karibu na nguzo, nikamnyooshea.

"Haya, shika mjukuu wako, we Bundi!"

Lo! Kwa nini nililitamka lile jina? Mazoea tu, mazoea ya mjinga. Vigelegele vilikatika. Violet akapiga ukunga na kusimama.

Mama Anselmo alimtazama mtoto kupitia ile miwani. Mikono yake ilianza kuinuka, niliiona kwa macho yangu. Kisha akaikunja, akaibana kwapani.

"Mrudishe kwa mama yake," alisema taratibu. "Nikimshika leo, akikohoa kesho ni mimi."

Violet akamchukua mtoto mikononi mwangu huku analia. Kama ni hofu au aibu sijui, sikumwuliza. Angesema tu "Mama, mshike", ningemsamehe yote. Hakusema. Na Anselmo, mwanamume mzima, aliyelelewa na mwanamke yule peke yake, alisimama pale na sahani mkononi kama mwalikwa.

Tukarudi Newala.

Kundini nimetoka. Mama Trevor anauza mafuta yake, ananenepa, na nikipita dukani kwake natema mate chini, na aone. Lakini hilo haliniponyi kitu. Mama Anselmo hupita mbele ya kibanda changu kila asubuhi akienda bombani. Zamani alikuwa akifika pale anapaza sauti, "We Myao, bado hujafa tu?" na mimi namwambia nangoja kwanza nimzike yeye. Siku ya pili baada ya Masasi nilimwahi mimi. Nikamwita kizee cha Kimakonde, mla panya, nikamtukana na ukoo wake, kisha nikangoja anijibu.

Alisimama, akatua ndoo chini.

"Habari za asubuhi, Bwana Abdulkadiri," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

Nikajibu hawajambo. Kila asubuhi ananisalimia hivyohivyo, vizuri, kwa adabu zote, na mimi namjibu.