Ndoo Sita za Zulma

Zulma Olivera alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, na kwa miaka arobaini watoto wa mtaa wake pale Treinta y Tres, mji mdogo wa Uruguay, walikwenda shule wakiwa na makoti meupe yaliyotoka mikononi mwake. Ukimwona mtoto ambaye kola yake imekaa sawasawa, na utepe wake wa buluu haujalegea mpaka saa ya kutoka, hukuwa na haja ya kuuliza nani kashona. Zulma mwenyewe hakuwa mnyenyekevu katika jambo hili, na mimi simlaumu. Mtu aliyeshona kola elfu kadhaa ana haki ya kuzicheka za wengine.

Lakini tangu majira ya baridi vidole vyake viligoma. Baridi yabisi ilivivimbisha viungo, vikawa na vinundu kama tangawizi. Akishika sindano inamponyoka. Akikanyaga cherehani mguu unakwenda, mkono hauwezi kuongoza kitambaa. Wazazi wakaanza, kwa aibu kidogo, kupeleka vipimo vya watoto wao kwa fundi wa mtaa wa pili. Halafu mpwa wake Graciela, anayeshona kule mji wa Melo, akapiga simu kuuliza kama shangazi bado anaihitaji ile mashine yake nzuri.

“Ngoja Juma Kuu,” Zulma alimjibu. “Kama mikono itakuwa bado ni hii, njoo na gari uichukue.”

Alisema kwa sauti ya mtu anayegawa kabichi. Alipokata simu alikaa mbele ya cherehani muda mrefu, hata kitambaa cha juu hakukifunua.

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Jirani yake Nubia, mwanamke wa miaka hamsini anayepima magunia kwenye kinu cha mpunga, alikuwa amempa kibati cha mafuta ya kuchua aliyoyapika mwenyewe kwa bangi na nta ya nyuki. Zulma alijipaka wiki nzima, akasema vidole vimelainika. Kibati kikaisha, na Nubia hakuwa na kingine.

“Panda yako, dada Zulma,” Nubia akamwambia. “Sheria inakuruhusu mimea sita. Vipandikizi nitakupa mimi.”

Basi Zulma alivaa gauni lake la kanisani, akaenda na kitambulisho posta, ambako huandikishwa wanaopanda bangi, akajiandikisha kama mtu anayeomba kuunganishiwa umeme, akarudi kichwa juu. Ndoo sita nyeupe za rangi zikapangwa uani, kando ya ukuta. Udongo aliuleta mdogo wake Gervasio kutoka kando ya mto, udongo mweusi, mzuri kwa macho, na aliuleta huku akinung'unika njia nzima.

Huyu Gervasio ndiye wa mwisho kwao. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na Zulma, mwenye miaka tisa, ndiye aliyemfunga kamba za viatu na kumfuta kamasi. Baadaye Gervasio alitumia miaka arobaini kwenye ranchi za watu, nyuma ya ng'ombe, mpaka goti likamshinda akarudi kuishi chumba cha uani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya uchokozi.

“Dada, watu wa umri wako wanapanda waridi.”

“Waridi haliwezi kunichua vidole.”

“Polisi wakija mimi nitasema sikujui.”

“Wakija watakuta nimeandikishwa. Humu ndani asiye na karatasi hata moja ni wewe.”

Wakisha kujibizana hivyo Gervasio alikuwa akirudi kwenye kiti chake cha uani na yerba yake, ile chai chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija kutoka kibuyuni. Kibuyu mkononi, themosi ya maji ya moto kwapani. Hivyo ndivyo alivyoshinda, asubuhi na jioni.

Mimea ilianza vizuri. Mwezi wa kwanza wa mwaka, ambao kule ni kiangazi, jua likiwa kali kiasi kwamba hata mbwa wa jirani aliona tabu kubweka, ikaharibika. Majani ya chini yaligeuka manjano, ya juu yakainama, mazito. Zulma alidhani ni kiu, akaongeza maji. Yakainama zaidi. Akaacha kabisa kumwagilia, siku sita nzima, katika joto lile, na udongo ukabaki chepechepe vilevile. Juu ukaota utando wa kijani, na kila ukigusa ndoo vinzi vidogo vyeusi vinaruka. Zulma alishikwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Alihesabu miezi iliyobaki hadi Juma Kuu, akaona haimtoshi kuanza upya.

Nubia akaitwa. Alichomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili, akanusa, akakunja uso.

“Dada Zulma, hii haina kiu. Inazama.”

“Inazamaje? Sijamwaga tone tangu Jumatatu iliyopita.”

“Basi yupo anayemwaga. Halafu huu udongo wa mtoni ni mzito, ukilowa unashikana kama tope. Na ndoo ina tundu moja tu chini. Mizizi inataka hewa, mwenzangu. Itapumua wapi humu?”

“Labda bomba linavuja ukutani,” Gervasio akasema bila kuulizwa, akanyonya mrija wake mpaka kibuyu kikakoroma.

Mtu ambaye hutoa maoni mara mbili kwa mwaka anapojitolea kusema hivi, ungedhani dada yake angeshtuka. Wapi. Zulma alitumia siku mbili akipapasa ukuta ule tofali kwa tofali, akitafuta unyevu, na ukuta ulikuwa mkavu kama biskuti.

Siku ya tatu vidole vilimuuma hata usingizi wa mchana ukamkataa. Mji wote ulikuwa umelala. Akiwa amejilaza akasikia maji yakimwagika uani, akainuka taratibu, akachungulia kati ya mbao za dirisha.

Gervasio alikuwa peku, kofia kichwani. Alichimba kidogo kwa kisu chake pembeni mwa mmea, akakung'uta kutoka kibuyuni majani ya yerba yaliyokwisha ladha, akayafukia vizuri kama anayelaza mtoto, kisha akamimina maji yote yaliyobaki kwenye themosi. Akaenda bombani, akaijaza, akarudi kwenye ndoo ya pili. Na alikuwa akisema nayo.

“Kunywa, wewe. Nenepa kidogo. Dada yangu hawezi hata kufunga kifungo, na ninyi kazi yenu kujikunja tu. Kunywa, mpumbavu wewe. Ile mashine ikienda Melo, mimi na ninyi tutaonana.”

Zulma alisimama pale dirishani, machozi yakimtoka, na hasira pia ilikuwa imempanda. Alimpenda mdogo wake yule kuliko siku yoyote tangu alipomfundisha kutembea, na papo hapo alitamani kumpiga na kiatu. Akafungua dirisha.

“Gervasio.”

Hakuruka. Aliitazama themosi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeitia mkononi mwake.

“Nilikuwa napita.”

“Unapita na maji mara ngapi kwa siku?”

“Mbili.” Akafikiri. “Joto likizidi, tatu.”

“Unaiua mimea yangu, Gervasio.”

“Ilikuwa inainamisha kichwa, dada. Ndama akiinamisha kichwa hivyo, unampa maji.”

“Hawa si ndama.”

“Naona sasa.” Akaiweka themosi chini, akaitazama miguu yake. “Nilitaka iwahi tu. Juma Kuu haliko mbali.”

Zulma naye akaitazama miguu ile.

“Vaa viatu,” akasema. “Utachomwa na mwiba.”

Kesho yake Gervasio alipanda baiskeli mpaka kwenye kinu, Nubia akampa magunia mawili ya pumba za mpunga, kitu ambacho pale hakuna anayekionea uchungu. Gervasio akaipasha nondo moto kwenye makaa ya kuchomea nyama mpaka ikawa nyekundu, akazitoboa ndoo zote chini, matundu kumi kila moja. Wakaimwaga mimea juu ya gunia. Miwili mizizi yake ilikuwa imekuwa ya kahawia, telezi, ukiivuta inakatika. Hiyo ikatupwa, na Gervasio ndiye aliyekwenda kuitupa, bila mzaha wowote. Minne bado ilikuwa na mizizi myeupe pembeni. Wakauchanganya udongo na pumba nusu kwa nusu, wakaongeza mchanga, wakaipanda upya, wakaziinua ndoo juu ya matofali ili maji yapate pa kutokea.

“Msimwagilie kwa kufuata siku,” Nubia akawaagiza. “Inueni ndoo. Ikiwa nyepesi, mnywesheni. Ikiwa nzito, mwacheni.”

Hapo ndipo Gervasio alipopata kazi yake. Mtu aliyezoea kukisia uzito wa ndama kwa kumtazama tu, ndoo itamshinda? Kila asubuhi alizipitia, akiinua moja moja kwa vidole viwili vya kila mkono.

“Huyu kashiba. Huyu mpaka kesho. Huyu anataka sasa hivi, glasi tatu.”

Zulma alikuwa akija nyuma yake kuhakiki kwa kidole, na hakumkuta amekosea hata mara moja, jambo lililomuudhi kidogo. Ile yerba ilihamishiwa shimoni kule mwisho wa ua, ambako maboga yaliipokea bila malalamiko.

Mwezi wa pili majani yalisimama. Wa tatu ua mzima ulijaa harufu, na Gervasio alilalamika juu ya harufu hiyo kila siku, akiwa ameketi katikati yake. Siku za mvua Zulma alikaanga maandazi ya bapa, wakala wakiitazama mimea, na ndugu hawa wawili, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakizungumza habari za gesi na mkate tu, wakaanza kukumbushana mambo ya mama yao. Zilikuwa siku njema.

Wakavuna. Maua yakatundikwa kamba kwa kamba katika chumba cha Gervasio, kwa kuwa kilikuwa na giza na hewa, naye akalala chini yake akisema amehamia porini. Nubia akaja kuwaonyesha kuyapika polepole kwenye mafuta, na kuweka nta mwishoni.

Tatizo likawa kuchua. Mkono unaouma hauwezi kuuchua mwenzake. Zulma alijaribu, akaguna.

“Lete,” Gervasio akasema.

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kamba ya kufungia fahali, lakini alimchua kidole kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akichua miguu ya farasi waliochoka. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya pili Zulma aliweza kufumba ngumi kuzunguka mpini wa kijiko. Kama ni bangi, au ni mikono ya mdogo wake, hakujua, na hakumuuliza mtu. Cherehani hakuigusa. Aliogopa, huo ndio ukweli.

Alhamisi ya Juma Kuu Graciela alifika na gari la kuazima, kamba begani. Zulma hakungoja aulizwe.

“Ichukue tu, mwanangu. Mashine haifai kukaa bila kazi.”

Gervasio aliingia chumbani mwake. Akatoka na furushi, akaliweka juu ya cherehani, akalifungua. Mashati saba: mikono imefumuka, kola zimeachia, vifungo hakuna.

“Ya lini haya?” Zulma akauliza.

“Tangu baridi.”

“Kwa nini hukuniletea?”

“Ungejaribu kuyashona,” akasema. “Na ungeumia.”

“Umekuwa ukivaa nini miezi yote hii?”

Gervasio akalivuta kidogo shati alilolivaa. “Hili.”

Zulma akayasogeza mashati pembeni, akaondoa kitambaa cha juu, akakaa. Uzi uliingia kwenye tundu la sindano mara ya tatu. Akachukua shati la kwanza, akalaza mkono uliofumuka chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Mshono ulipinda karibu na kwapa. Akaufumua, akaurudia, akaulainisha kwa kidole gumba, akachukua la pili.

Graciela aliikunja kamba aliyokuja nayo, akaenda kuirudisha garini.