Stata, Boluti ya Tatu na Mbuzi wa Muthama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kambu kando ya barabara kuu, foremani alinifunga macho na kitambaa chenye grisi, akanisukuma chini ya lori. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na viatu nilivyovaa vilikuwa vya kuazima.

"Stata inashikwa na boluti tatu," akasema. "Mbili utaziona. Ya tatu iko nyuma, huko hakuna jicho linafika. Itafute na vidole."

Niliitafuta tangu asubuhi hadi watu wakaenda kula. Nilipoishika nilicheka peke yangu huko chini mpaka foremani akafikiri nimepigwa na umeme wa betri.

Nyinyi mnaobonyeza kitufe gari likawaka, acheni niwaeleze. Stata ni mota ndogo inayokula umeme wa betri na kuizungusha injini hadi ishike. Ndani yake mna kaboni, vipande vyeusi vinavyopitisha umeme huku vikilika polepole kama chaki ya mwalimu. Kaboni zikiisha, unageuza ufunguo unasikia "tk" moja tu, halafu kimya cha aibu.

Kutoka Kambu nilienda karakana moja ya Kitui. Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa tai, na alitaka kila ubovu uandikwe. Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika, "Stata imechoka." Akaniita ofisini.

"Nzioka, nani amechoka, ni stata ama ni wewe?"

"Ni stata, bwana."

"Ulijuaje? Ilikuambia?"

Kusema kweli, ilikuwa imeniambia. Mimi huongea na stata, na huwa nazihurumia. Lakini niliandika upya: kaboni zimeisha.

Mwisho nikafika Kyuso, kwa mama mmoja mwenye biashara ya ndengu, yaani choroko, ambaye sote tulimwita Bosi. Huko kila dereva aliegesha lori likitazama mteremko, ili stata ikigoma, libingirike mpaka liwake. Bosi aliponiona nikifanya kazi mwezi mmoja, aliwaambia, "Sasa egesheni popote. Huyu mtu yuko." Maneno hayo nilitembea nayo kifuani miaka yote. Hata nikiota ndoto, naota naitwa mbali, nchi za watu, nikaamshe lori lililowashinda. Bosi alipofunga biashara alinizawadia lori lake kuukuu, nami nikarudi nyumbani Kambu kupumzika.

Mwaka huu kijana wangu Muthama alipata mchumba, Ndinda, wa Kasikeu. Ilibidi tupeleke mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao kwetu Ukambani msichana bado ni wa kwao hata mkifunga ndoa kanisani. Baba ya Ndinda ni mzee wa kanisa, mtu wa saa. Alituambia tufike kabla ya saa sita, la sivyo turudi na mbuzi wetu.

Asubuhi hiyo, jamaa na mbuzi wakiwa tayari ndani ya lori, nikageuza ufunguo. "Tk."

"Baba, nimpigie fundi simu?" Muthama akauliza.

"Fundi wa nini, na mimi niko?"

Kujilaza chini ya lori kulinichukua dakika tano. Zamani nilikuwa nateleza tu. Kutoa stata nikaweza, kaboni nikabadilisha. Kuirudisha ndiko kulikonishinda. Vidole vyangu siku hizi vina ganzi. Niligusa boluti ya tatu, ama ilikuwa bomba, sikujua. Basi nikafanya jambo ambalo foremani angenifukuzia: nikaingiza kichwa nichungulie. Miwani yangu ya kuona karibu ikateleza puani, ikaangukia katika lile tundu la stata, ndani kabisa kwenye gurudumu la injini.

"Baba Muthama," mke wangu Mwikali akaita, "unafanya kazi ama unalala?"

"Nafikiria."

"Fikiria ukiwa umesimama. Ni saa mbili na nusu."

Kuitoa miwani kungekula saa nzima. Nikafunga ncha ya waya wa betri kwa kipande cha mpira isipige shoti, nikaiacha stata hapo chini, nikatambaa nje, nikasema, "Sukumeni." Wakasukuma. Lori likawaka, na ndani kukasikika "krrrr".

"Hiyo ni nini?" Mwikali akauliza.

"Linakohoa."

Tulifika Kasikeu saa sita kasoro kidogo. Nikashuka, nikaacha injini ikinguruma. Mzee akasimama kuomba. Lori likanguruma. Akapandisha sauti hadi ikakwaruza. Mwishowe akafungua jicho moja.

"Mkwe, hiyo lori haizimwi?"

Wote wakanigeukia. Muthama alikuwa amewaambia watu hao kwamba hakuna stata katika Kitui yote inayomshinda baba yake. Sasa alikuwa anaangalia viatu vyake. Ningeweza kusema injini inapoa kwanza. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

"Nikiizima haitawaka," nikasema. "Stata niliitoa asubuhi, nikashindwa kuirudisha. Vidole havisikii tena. Na miwani yangu imesagika humo ndani."

"Kumbe ndiyo ilikuwa inakohoa," Mwikali akasema.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Ndinda, na alijaribu kujizuia. Mzee akawatazama jamaa zake, wanaume kama ishirini wenye suti.

"Zima, mkwe," akasema. "Watu wa kusukuma tuko."

Nikazima. Akaomba taratibu, na mbuzi wakapokelewa.

Jioni wale wenye suti walitundika makoti yao kwenye ua, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza, wakasukuma lori. Alikuwa anawapangia sauti kama mwalimu wa kwaya. Muthama alisukuma kando yake, bega kwa bega.

Mafundi wachanga huniuliza mtu hujuaje siku ya kustaafu. Mimi nilikuwa na barua ya kuagwa kutoka karakana ya Kitui na lori la zawadi kutoka Kyuso, na bado sikuwa nimestaafu. Nilistaafu Kasikeu, nikiwa nimeshika usukani, nikisukumwa na watu ambao asubuhi hawakuwa jamaa zangu.