Kaburi Moja la Vyunguni

Asubuhi ile nilikuwa napika chumvi. Maji niliyochuja kwenye udongo yalichemka ndani ya pipa lililokatwa, na mume wangu Yohana akanitania kwamba hata nikipika chumvi, mboga yangu haikolei.

Vyunguni ni kitongoji chetu, huku bondeni upande wa Ivuna. Kwenye orodha ya serikali hakimo. Tulishuka kutoka Mbozi kupika chumvi msimu mmoja, tukajenga, tukalima mahindi, tukazaa. Lakini aliyekufa tulimpandisha Mbozi, akalale karibu na kahawa ya baba zake. Ujinga wetu ulianzia hapo.

Wafugaji walipohamia na ng'ombe wao, tukagombania ardhi. Ikaja kamati ya usuluhishi, ikauliza makaburi yetu yako wapi. Wafugaji wakaonyesha ya watoto wao. Sisi tukaonyesha vyungu vya kupikia chumvi.

"Basi ninyi ni wapita njia," akasema mwenyekiti.

Wiki moja baadaye ndiyo ikawa asubuhi ile ya chumvi. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi, vijana wetu wakabeba mapanga.

Mikuki ikaja.

Nililala nyuma ya pipa. Moshi ulinichoma macho, sikuthubutu kukohoa.

Yohana alikwenda kuwatenganisha. Vijana wetu wakamrudisha kwenye machela ya miti.

Kaka yake, Elia, alifika na gari kuchukua maiti. "Mama Tumaini, mtu wetu hawezi kulala porini."

"Shemeji, kama hapa ni porini, amefia nini?"

Nikamzika nyuma ya nyumba. Elia hakutia hata udongo. Ng'ambo ya shamba wafugaji nao walimzika kijana wao. Siku ile sikumhurumia, leo namhurumia.

Miaka imepita, na kamati bado zinakuja na swali lilelile. Nimewasema wenzangu wazike hapa, mpaka nimechoka. Mwezi huu amefariki jirani yangu, Mama Neema, tuliyeshuka naye kutoka Mbozi. Niliwasihi wanawe wamlaze karibu na Yohana.

"Mama, mkataa kwao ni mtumwa," akanijibu mkubwa wao.

Kwao! Wote watatu wamezaliwa hapa, kitovu cha huyo nilikikata mimi.

Gari liliondoka na mama yao jana. Yohana bado yuko peke yake, na kamati inarudi Jumatatu.