Kisanduku cha Saady na Mlima wa Makere

Sijawahi kuona mtu mgumu wa kusifu kama Venanti. Mke wake Benita anasema hata siku ya harusi, padri alipomuuliza kama amemkubali, alifikiri kwanza. Mimi nauza chai na chapati mbele ya duka la vipuri la Saady hapa Kasulu, na miaka yote hii hajawahi kuniambia chapati ni nzuri. Husema, "Inalika."

Tabia hiyo inayoniudhi mimi ndiyo inayomfaa Saady. Ana ndugu zake Tanga wanaomletea vikorokoro vya kuongeza nguvu za magari, na kabla hajaweka kitu kabatini humpa Venanti akijaribu kwenye pikapu yake. Venanti huenda, hurudi, husema, "Hakifai," na Saady hurudisha mzigo akinung'unika. Tangu dereva Athuman aunguze injini kwa kifaa alichosifiwa na muuzaji wa kupita, hapa hakuna anayenunua kitu ambacho Venanti hajakipitisha.

Safari hii kilikuja kisanduku cheusi. Unakichomeka kwenye nyaya za injini, nacho kinaidanganya kompyuta ya gari imwage dizeli zaidi. Saady alikipenda mno, akakodi spika na kutangaza uzinduzi kabla hata hakijajaribiwa.

"Kijaribu, ndugu yangu," alimwambia Venanti, "ila kwa moyo mweupe."

Venanti hujaribia mlimani, njia ya Makere, penye kona tatu kali. Hupanda kwanza bila kifaa, halafu na kifaa, kwa mzigo uleule. Asubuhi ya uzinduzi mwenye magunia ya maharage ya kupakia hakutokea, basi akakusanya watu waliokuwa wanasubiri usafiri wa kuja sokoni: wapande bure, wao ndio wawe uzito. Wa mwisho kupanda, na mkungu wake wa ndizi, alikuwa Mama Pelagia, mama yake Benita.

Sasa, kwetu mwanamume mwenye adabu hamkodolei macho mama mkwe wake, wala hasemi naye ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Wengi siku hizi wameacha, Venanti hajaacha. Aliingia ndani, akageuza kioo cha katikati kikatazama paa, na vya pembeni vikatazama mashamba ya mihogo. Hapo ndipo alipoharibu.

Bila kisanduku, pikapu ilipanda inalia. Kwenye kona ya pili ikaishiwa nguvu kabisa, akaingiza gia ya kwanza, wakafika juu kwa moshi. Akawarudisha wote chini, akachomeka kisanduku, akaanza upya bila kuwaeleza kwa nini wanapanda tena. Na mlima ule kila mtu anaujua: gari likichoka, abiria hushuka. Kwenye kona ya kwanza, alipopunguza mwendo, waliruka mmoja mmoja kimyakimya, Mama Pelagia akashikwa mkono, wakafuata njia ya mkato ili wamkute juu. Ndizi waliziacha.

Pikapu ikapaa. Kuanzia hapo ni gia ya tatu mpaka kileleni, na Venanti mwenyewe alinisimulia kwamba machozi yalimtoka. Hakusimama. Alikuja moja kwa moja mpaka dukani, akashuka, akasema mbele ya watu neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake: "Kinafaa." Mimi nilimwaga chai.

Saady akakamata kipaza sauti. Madereva wakapanga foleni, Athuman mbele, boneti ameshaifungua. Mimi nikaona ule mkungu umelala peke yake nyuma ya pikapu.

"Venanti, abiria wako umewashushia wapi?"

Akageuka, akatazama, akaushika mkungu. Kabla hajauachia, bodaboda ikasimama na Mama Pelagia akateremka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Venanti akageukia ukuta papo hapo. Mama akanijia mimi.

"Mwanangu, niulizie huyo mume wa Benita, tumemkosea nini? Gari lilikuwa linalia, tukalihurumia, tukashuka tulipunguzie. Tunatokea juu tunahema, hayupo. Tunaona vumbi tu."

Nikamgeukia Venanti, ambaye ningeweza kumgusa kwa kijiko. "Mama anauliza wamekukosea nini."

"Nimesikia," aliuambia ukuta.

Saady akazima spika na kumvuta shati. "Nyamaza, ndugu yangu. Watu wameshapanga foleni. Huenda kinafaa hivyohivyo."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Maisha yake yote alikuwa amesifu kitu kimoja tu, na sasa ama alimeze neno lake mbele ya mkwe, ama amwache Athuman aunguze injini ya pili. Shingo yake ilikuwa inatiririka jasho. Akakichukua kile kipaza sauti, akawasha spika, uso bado ukutani.

"Funga boneti, Athuman. Kilichopanda mlima si kisanduku. Ni huruma ya watu wa Makere."

Foleni ilicheka mpaka ikavunjika. Saady alikaa chini kwenye kreti ya soda. Mama Pelagia hakucheka.

"Mwambie tukapande tena, leo hii," aliniambia. "Na hashuki mtu."

Nilifunga biashara nikaenda nao, maana uzito wangu si haba. Tuliwakuta wenzake Mama njiani, wakapanda tena. Chini ya mlima Venanti alishika kioo, akasita.

"Mwambie akiweke sawa," Mama Pelagia akaniambia. Kisha akajifunika kitenge kuanzia utosini mpaka magotini, akakaa katikati yetu kama gunia, mkwe wake apate kutazama nyuma kwa amani.

Kona ya pili gari likaanza kulia. Jirani yangu akanyanyua mguu aruke. Mkono ukatoka ndani ya kitenge ukamkamata mkanda. Gia ya kwanza. Moshi. Tulipofika juu, Venanti alitukagua kiooni mmoja mmoja, na kitenge chetu kikiwemo, halafu akatoa kichwa dirishani.

"Hakifai," alisema, na sijawahi kumwona ana furaha vile.

"Mwambie nimesikia," kikajibu kitenge.